Safari za Punda wa Kinuni

Aliyetunga msemo wa punda afe mzigo ufike, mzigo ulikuwa wake na punda alikuwa wa jirani. Ndivyo alivyozoea kusema Bi Shudu kila mtu alipomtolea msemo huo, na kama yuko mwenye haki ya kusema hivyo ni yeye, kwa kuwa maisha yake yote aliyapitisha nyuma ya punda. Babake alikuwa mkamuaji wa mafuta ya ufuta. Nyumba yao na chumba cha kinu vilipakana ukuta kwa ukuta, na kabla hajajua kutembea vizuri alikuwa amekwisha kujua kuiba shudu, yale mashapo mazito ya ufuta yanayobaki mafuta yakishatoka. Shudu ni chakula cha punda na ng'ombe, na mzazi akigeuka kidogo, cha watoto pia. Basi jina likamwangukia hapo na likamganda. Aliolewa nalo, akazaa nalo, akafiwa na mume nalo, na hata mwanawe wa pekee, ambaye mtaa mzima humwita Fundi, akiulizwa jina halisi la mamake hukuna kichwa kwanza.

Chumba cha kinu kilikuwa na dirisha moja tu, dogo, juu karibu na dari. Mwanga uliingia pale ukiwa mwembamba, ukapita katikati ya vumbi la ufuta na kutua sakafuni, na mtu akikaa humo kwa muda macho yalimlegea hata kama hakuwa na usingizi. Katikati kilisimama kinu chenyewe, gogo nene lililochimbwa, na ndani yake mchi mrefu kuliko mtu. Mchi ulifungwa kwenye boriti, boriti ikafungwa kwenye nira, na nira ilikaa shingoni mwa punda. Punda akizunguka, mchi husaga, ufuta hulia, mafuta huchuruzika kwenye kopo. Sakafu ilikuwa imechimbika njia ya mviringo, laini, kwa kwato za punda wa vizazi na vizazi, wengine wao wakiwa wamekufa kabla Bi Shudu hajazaliwa.

Punda wa kinu hufungwa macho. Hilo hufanywa ili asipate kizunguzungu, na pia asione ufuta akautamani. Kitambaa chao kilikuwa cha pamba nzito, kimeshonwa tabaka juu ya tabaka, nao kinuni walikiita miwani. Lakini babake Bi Shudu alikuwa na lake ambalo hakulipata kwa mkamuaji mwingine yeyote. Aliamini kwamba punda asiyejua aendako huchoka kabla ya wakati. Miguu inamwambia kwamba anasafiri, macho hayamwambii kitu. Basi sharti awepo mtu wa kumwambia. Kwa hiyo mkamuaji wa kinu kile alitembea nyuma ya punda huku akimsimulia njia. Sasa tunatoka mjini. Sasa tunapita daraja, angalia mbao zimelegea. Sasa kuna mlima, lakini si mkali. Punda akipunguza mwendo aliambiwa, "Tunakaribia," naye akajikaza. Ufuta wa siku ukiisha, mkamuaji alisema, "Tumefika," akamvua miwani, na punda akajikuta mbele ya ndoo ya maji na sinia la shudu. Hakuwahi kuuliza kwa nini kila mji una ndoo ile ile.

Bi Shudu alipokirithi kinu aliirithi na kazi ya kusimulia, na hapo ndipo alipomshinda babake kwa mbali. Mzee alikuwa na njia chache tu, akizirudia. Binti aliolewa na dereva wa lori. Wake wengine waume zao wakirudi safari huuliza umeniletea nini. Yeye aliuliza umepita wapi. Akakaa usiku akisimuliwa mabonde na vivuko na miji ambayo taa zake huonekana mapema kabla ya kuifikia, na kesho yake yote hayo akampa punda. Mume alipofariki, kwa maradhi ya kifua, akiba ya barabara ikaisha, ikabidi Bi Shudu azitengeneze mwenyewe. Watu waliokuja kununua mafuta walikaa kwenye benchi la mlangoni wakasahau chupa zao mikononi. Alitia chumvi, ndiyo, tena kwa kijiko kikubwa, lakini nani alikwenda kuhakikisha?

Jirani yake msusi, ambaye kibaraza chake kilitazamana na mlango wa kinu, hakuacha kumchokoza. "Bi Shudu, leo mmefika wapi?"

"Tumevuka mto. Maji yalitufika magotini."

"Mbona miguu mikavu?"

"Ng'ambo kuna jua kali, jirani. Ungekuja nasi ungeliona."

Ukweli ni kwamba Bi Shudu mwenyewe hakuwahi kwenda popote. Dada yake mdogo aliolewa mbali na akamwita mara nyingi, na mara moja alifunga hata mzigo. Asubuhi ya kuondoka ufuta ulikuwa umekwisha kulowekwa na kumiminwa kinuni, na ufuta uliolowekwa haumngojei mtu. Akafungua mzigo, akamvalisha punda miwani, na siku ile walikwenda kwa dada yake, yeye na punda, mpaka wakaona moshi wa jiko lake. Wateja wanasema walisikia raha sana siku ile. Yeye alisikia uchungu, ila hakumwambia mtu.

Punda wa mwisho wa kinu kile alikuwa jike wa rangi ya majivu, mwenye sikio moja lililopinda nchani. Alikuja akiwa mdogo, na kwa kuwa hakuna punda aliyesafirishwa mbali kama yeye, wakamwita Msafiri. Wasemao kwamba shukrani ya punda ni mateke hawakumjua Msafiri. Hakuwahi kumpiga mtu teke. Akisikia sauti ya Bi Shudu uani alisimama mwenyewe na kuinamisha kichwa, avalishwe. Na Bi Shudu alikuwa amempa ahadi, akimnong'oneza kwenye lile sikio lililopinda kila jioni akimsugua shingo mahali pa nira: siku mwanangu akileta mashine, wewe utakula nyasi mpaka uzeeke.

Mashine ikaja. Fundi, ambaye anaweza kuifufua mota iliyokwisha kuzikwa, aliunda kikamulio cha chuma kinachozungushwa kwa mkanda, akakiweka chumba cha mbele, na kile cha kinu kikabaki kimya. Bi Shudu alifurahi kuliko siku ya harusi yake. Nyuma ya karakana za mabati, mwisho wa barabara, kulikuwa na kiwanja cha marehemu babake, kikubwa, chenye nyasi za kufika magotini na bomba bovu linalovuja pembeni. Wakatia ua, wakajenga kibanda cha kivuli, wakachimba na hori la maji. Fundi akamvuta Msafiri kwa kamba mpaka pale, macho wazi, bila nira. Bi Shudu akafunga lango, akaegemea ua kumtazama mnyama wake akianza kustarehe.

Msafiri hakustarehe. Alisimama pale pale alipoachwa, akatetemeka ngozi, kisha akafumba macho. Baada ya muda akaanza kutembea. Alizunguka, kushoto, kushoto, kwa upana ule ule wa njia ya kinu, kichwa chini, juu ya nyasi ambazo hakuinamia hata moja. Jioni alikuwa angali akizunguka. Kesho yake nyasi zilikuwa zimelala duara zima, na shudu aliyowekewa ilikuwa haijaguswa.

Bi Shudu alikwenda hadi katikati ya duara, akamshika kichwa na kumwambia, "Tumefika." Masikio yalisimama. Lakini punda si mjinga kama wanavyomfanya. Hakuna aliyemwambia kwamba wametoka. Hapakuwa na daraja, hapakuwa na mlima. Mtu atafikaje mahali ambako hakusafiri kwenda? Masikio yakaanguka tena, na miguu ikaendelea.

Daktari wa mifugo aliitwa. Alikuja kwa pikipiki, binti mwenye mikono ya pole, akampima Msafiri kuanzia meno hadi kwato, akamwekea sikio tumboni kwa muda mrefu.

"Mama, huyu hana ugonjwa. Ana tumbo zuri kuliko langu."

"Basi mbona hali?"

"Hajui kama hapa ni mahali. Kwake mahali ni kule." Akazungusha kidole hewani. "Lakini nikwambie jambo, usilichukulie kwa wepesi. Punda si kama wanyama wengine. Akikaa bila kula, mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu, ini likashindwa, akaondoka ghafla. Huna siku nyingi."

"Nikimrudisha kinuni?"

Daktari alifunga mkoba wake polepole. "Akila, ataishi. Siwezi kukukataza. Ni maisha gani, hilo utalijua wewe unayemjua."

Wakamrudisha siku ile ile. Mchi ukafungwa, nira ikakaa shingoni, miwani ikafungwa, na kabla Bi Shudu hajafungua mdomo Msafiri alikuwa ameanza mwendo kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Bi Shudu akasema wanatoka mjini. Akasema wanapita mashamba. Kinu kilikuwa kitupu na mchi uligonga mbao kavu, ngo, ngo, bila kutoa hata tone. Aliposema wamefika na kumvua miwani, Msafiri alikula shudu yote akalamba sinia.

Fundi alikuwa mlangoni akifuta mikono ya grisi. "Si umeona, Mama? Tumwache awe anazunguka tu. Hatumchoshi, kinu ni kitupu."

"Ndiyo maana sitaki."

"Ndiyo maana nini?"

"Miaka yote nimemdanganya kwa sababu kulikuwa na kazi. Leo nimdanganye kwa sababu ipi?"

"Punda hajui kama anadanganywa."

"Mimi najua," akasema Bi Shudu, na alikuwa na hasira, ila si kwa mwanawe. Alilitazama duara la sakafu na roho ikamwuma. Miji yote ile, mito yote ile, na mnyama hakuwahi kutoka nje ya hatua za chumba.

Siku ya pili yake alifanya jambo lililowatoa watu vibarazani. Alimvalisha Msafiri miwani kama kawaida, lakini badala ya kumpeleka kinuni alimgeuza kichwa kuelekea mlangoni, akashika kamba, wakatoka barabarani asubuhi na mapema, yeye mbele kidogo na punda pembeni. "Sasa tunatoka," akasema. Kisha akakwama. Mwanamke aliyekuwa na milima na madaraja na miji mdomoni alitafuta la kusema asilipate, maana alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii atasema kilichopo tu.

"Sasa tuko... tuko kwa msusi."

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja kati ya magoti, kitana mdomoni. Akakitoa. "Leo mnakwenda wapi?"

"Kiwanjani."

"Tu?"

"Tu."

Haikuwa rahisi. Msafiri hakujua kwamba njia inaweza kunyooka. Kila hatua chache bega lake lilivuta kushoto, akitafuta duara, na Bi Shudu ikambidi ahamie upande ule awe ukuta. Walisukumana hivyo kupita karakana zote. "Mbona mnakwenda upande kama kaa?" msusi alipaza sauti nyuma yao, na wapiga mabati wakaacha nyundo kucheka. Bi Shudu alikuwa na kazi ya kumwambia Msafiri kwamba kelele zile ni nyundo, kwamba mbele kuna ukuta wa shule uliochorwa ndege na watoto, kwamba mbwa aliyelala katikati ya njia amekataa kuondoka kwa hiyo watamzunguka. Walipoingia kiwanjani alifunga lango, akasema, "Tumefika," akavua miwani. Msafiri alitetemeka, akafumba macho. Halafu pua ikatafuta mkono wa Bi Shudu, ikakuta tonge la shudu, na midomo ikalichukua. Baada ya shudu akampa nyasi, kidogo, kwa mkono ule ule. Alikula. Mama mtu mzima akakaa chini kwenye umande na kucheka peke yake.

Ikawa ndiyo kazi yake. Asubuhi kwenda, jioni kurudi zizini. Daktari alipopita kuwatazama aliridhika na tumbo la Msafiri, lakini akamwonyesha Bi Shudu jinsi mnyama anavyofumba macho kila akivuliwa kitambaa.

"Macho yaliyozoea giza hayapewi jua lote kwa mkupuo," akasema. "Umpe kidogo kidogo." Akaokota mkoba wake. "Na jambo jingine, Mama. Anakula kwa sababu wewe umesema. Siku usipokuwepo itakuwaje?"

Swali hilo lilimwingia Bi Shudu kama mwiba wa kidole, ule usioonekana lakini hauachi kugusa. Alianza na lile analoliweza. Jioni ile alikaa kwenye ngazi ya uani na miwani ya punda mapajani, akaifumua tabaka moja, akalitupa. Jioni iliyofuata tabaka jingine. Lilipobaki moja alichukua sindano akaanza kuchomoa nyuzi, chache leo, chache kesho. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema; yeye alikuwa anakimwaga kibaba kwa njia hiyo hiyo. Kila asubuhi kitambaa kilikuwa chepesi zaidi ya jana na dunia ilikuwa imeingia kidogo zaidi. Kwanza ilikuwa nuru tu. Kisha vivuli. Siku moja Msafiri alisimama ghafla katikati ya barabara, akapuliza pua chini, akakataa kukanyaga, na Bi Shudu akatambua kwamba anakiogopa kivuli chake mwenyewe, maana hajawahi kukutana nacho. Walisimama pale hadi jua lilipopanda na kivuli kikafupika. Hapakuwa na mtu wa kuwaharakisha.

Zilikuwa asubuhi za ajabu, na Bi Shudu alipozisimulia baadaye sauti yake ilishuka. Ukungu mwembamba ulitoka kwenye mitaro. Mabati yalikuwa bado baridi, nyundo hazijaanza, na kwato za Msafiri zilisikika peke yake, ko, ko, ko. Alisema, "Kuna mwanamke anafagia." Alisema, "Kuna dirisha la buluu." Akagundua kwamba hajawahi kuliona dirisha lile, lililo mtaa wake mwenyewe, kwa sababu kila asubuhi ya maisha yake saa ile alikuwa ndani ya giza la kinu akielezea madirisha ya mbali. Hilo lilimtia huzuni kidogo, na aibu kidogo, kisha likampita. Wakati mwingine alinyamaza kwa muda mrefu, na Msafiri hakusimama. Wakati mwingine ilikuwa kama wametoka mtaani bila kujua na wanatembea mahali ambapo hapajaamuliwa bado patakuwa wapi. Bega la kushoto lilivuta, lakini si kila siku.

Kitambaa kikawa wavu. Wavu ukawa nyuzi chache juu ya paji la uso. Asubuhi moja Bi Shudu hakuzifunga, na Msafiri akaenda macho wazi hadi kiwanjani, akikitazama kila kitu kwa kichwa cha pembeni. Lakini langoni alisimama na kungoja. Mpaka mama aliposema wamefika, ndipo alipoinamisha mdomo. Asipoambiwa, alirudi kwenye duara lake la nyasi zilizolala.

Kisha goti la Bi Shudu likavimba. Mwili nao una siku zake. Mama aliyezunguka na punda umri mzima asitegemee magoti ya msichana. Aliamka hawezi kukunja mguu wala kuunyoosha. Fundi akampeleka Msafiri badala yake na kusema neno kama alivyoagizwa, tena kwa sauti ya heshima. Alirudi akitikisa kichwa. Siku ya pili akamwita na msusi, ambaye alijitolea kuigiza sauti ya jirani yake na kwa kweli aliiweza mpaka Fundi akacheka. Punda hakucheka. Alizunguka mchana kutwa na hakugusa kitu. Jioni macho yake yalikuwa mazito na shudu iliyowekwa zizini ilikuwa vile vile.

"Nipeleke," Bi Shudu akasema asubuhi ya tatu.

"Mama, hata chooni unabebwa."

"Basi nibebe na huko."

Fundi alikuwa na mkokoteni wa kubebea mota. Alitoa vyuma, akatandika gunia, akampakia mamake, na ndivyo alivyopita mtaani, mguu umenyooshwa mbele, spana moja iliyosahaulika ikimchoma kiunoni. Msafiri alifuata kwa kamba nyuma ya mkokoteni, anayumba. Msusi aliinua kitana, akaona uso wa Bi Shudu, akakirudisha kwenye kichwa cha mteja wake.

Kiwanjani Fundi alimwachia punda akafunga lango, na mkokoteni akausogeza hadi kwenye ua wa kiwanja. Msafiri alisimama akiwapa mgongo. Mbavu zilionekana. Akaanza kuzunguka.

Neno lilikuwa mdomoni mwa Bi Shudu, tayari, kama tonge. Alijua kabisa kwamba akilisema punda atakula, na asubuhi hii itapita salama. Na kesho atapakiwa tena mkokotenini, na kesho kutwa, mpaka siku atakapopakiwa asirudi, na siku hiyo mnyama atazunguka juu ya nyasi za kufika magotini mpaka aanguke. Alijua vilevile alichosema daktari kuhusu ini. Huenda hata sasa amechelewa, na neno moja ndilo lililobaki la kumwokoa. Fundi alimtazama. "Mama, sema."

Bi Shudu alimwinulia mkono anyamaze. Jasho lilimtoka. Alisema baadaye kwamba kuzaa hakukuwa kugumu vile.

Msafiri alizunguka. Upepo ulipita juu ya nyasi, ukazilaza na kuziinua. Kule pembeni bomba bovu lilivuja, na pale majani yalikuwa ya kijani kibichi, laini, mapya. Sikio zima liligeukia huko, kisha na lile lililopinda. Msafiri akasimama. Akasimama kwa muda ambao Fundi anasema ulikuwa mfupi na mamake anasema haukuwa na mwisho. Hakuwatazama. Akavuka nyasi zilizolala, akaingia kwenye zile zilizosimama, hatua moja, akasita, nyingine, na kwenda kwake kulikuwa kumenyooka. Alipofika penye bomba aliinamisha shingo, na wote wawili wakasikia nyasi zikikatika.

"Hukusema kitu," Fundi akanong'ona.

"Sikusema."

Machozi yalimtiririka Bi Shudu na hakuyafuta. Alikuwa na furaha ambayo hajapata kuwa nayo, na ndani yake mlikuwa na maumivu safi, ya kuona kwamba hahitajiki tena. Punda alikula hadi akamaliza kilichokuwa karibu, akainua kichwa, majani yakining'inia mdomoni, akatazama upande wa mbali wa kiwanja ambako hapakuwa na chochote cha kuonekana, akaanza kwenda.

Fundi akashika mikono ya mkokoteni. "Basi turudi, Mama. Mguu utakuuma, na kuna ufuta unaningoja."

"Nenda wewe," Bi Shudu akasema, bila kugeuka. "Mimi niache hapa. Nataka kuona anakwenda wapi."